Miguu ya Mama Chini ya Piano

Juzi hapa Mafinga fundi seremala alifungua piano kuukuu, harufu ya nta na sufu iliyooza ikanijaa puani. "Bibi, hii zamani ilikuwa inajipiga yenyewe," akaniambia. Inajipiga yenyewe! Nilikasirika.

Nilipokuwa mtoto, kwa mzungu wa mashamba ya chai, mama alikofanya kazi, zilikuwepo piano mbili. Moja ilikuwa ya kuzungusha mpini; hata mlevi angeizungusha, wimbo ungetoka uleule, mkavu. Ya pili ilisoma karatasi yenye matundu, lakini ilitaka miguu ya kuisukumia hewa. Mama akikanyaga pedali taratibu, inanong'ona. Akikaza, inalia kama mtu aliyefiwa. Siku moja wageni walikuja, na majina yao wote ninayo, ila hawastahili kutajwa. Mama anavuja jasho, wao wanaipigia makofi karatasi!

Mimi nikamgeukia mama, nikampigia makofi yeye.

"Mtoe nje huyo mtoto!" memsabu, mke wa yule mzungu, akafoka.

Mama akaacha kukanyaga. Piano ikakata pumzi katikati ya wimbo. "Twende, mwanangu," akasema, tukatokea mlango wa wageni, sisi tuliozoea kupitia jikoni.