Siri na Mali za Madamu Odeti

Kuna siku moja haijapata kunitoka kichwani, mwanangu, na kila nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto. Nilikuwa bado msichana, nywele zangu nyeusi zote, nakaa Lanham, huku Marekani, chumba kimoja na mama wa Kikongo aitwaye Mama Alina, mtu wa Bukavu. Sote wawili tulikuwa tunamhudumia bibi mmoja Mfaransa kule Arlington, Madamu Odeti. Mimi zamu ya asubuhi, yeye ya mchana. Usinione naandika ukadhani nimesoma. Shule yangu iliishia darasa la nne huko kwetu Sikonge, mengine nimeokota njiani.

Sasa, yule bibi alikuwa ameishi Marekani karibu umri wake wote, lakini uzee ulikuwa umeanza kumnyang'anya Kiingereza. Kilichobaki ni Kifaransa cha utotoni. Mama Alina anakijua. Mimi sikijui. Na ukikaa kwenye chumba ambamo watu wawili wanacheka kwa lugha usiyoijua, unaona unachekwa wewe. Saa za kupokezana zamu nilikuwa nawakuta wameinamiana, wananong'ona. Nikiingia, wananyamaza. Au labda hawakunyamaza, labda bibi alikuwa anameza mate tu. Lakini mimi niliona wamenyamaza.

Chini ya dirisha palikuwa na sanduku kubwa la mbao lenye kufuli. Ufunguo wake bibi aliuvaa shingoni pamoja na msalaba, hata nikimwogesha hakubali kuuvua. Nikuulize, mwanangu: mtu anayeingia na ufunguo bafuni, wewe ungemfikiriaje?

Basi Jumapili moja nimemaliza zamu, nimeinama kwenye korido navaa viatu, nikamsikia bibi anasema kwa sauti ya chini, "Siri." Mama Alina akaitikia, "Siri, siri." Nikachungulia. Bibi akanyoosha kidole kwenye sanduku. "La mali." Na Mama Alina naye, "La mali," huku anatikisa kichwa kama mtu aliyekubali jambo.

Kiatu cha kulia nilikivaa mguu wa kushoto. Siri! Mali! Kumbe mwanamke huyu ninayemmegea ugali wangu anamrubuni bibi wa watu amwachie urithi! Nikaanza kukumbuka na mengine. Vile viatu vyake vipya. Zile simu anazotoka kwenda kupokelea nje kwenye theluji. Ukishaanza kumshuku mtu, hata anavyokoroga chai inakuwa ushahidi.

Ningekwenda zangu, yangeisha. Lakini bibi alikuwa na mwanawe, Filipo, mtu wa ofisi, anakuja Jumapili na maua, anakaa huku anaangalia saa. Kazaliwa hapa, Kifaransa cha mama yake hakijui. Akanikuta jikoni.

"Wewe unaelewa wanachosema wale?" akaniuliza. Alidhani Waafrika wote tuna lugha moja.

Na mimi, kwa kiherehere cha kuulizwa na mtu mwenye tai, nikajibu kwamba yote siyaelewi, ila maneno mawili nimeyapata. Nikamtafsiria. Filipo akawa mwekundu kama nyanya.

"Mwite," akasema. "Sanduku linafunguliwa sasa hivi. Nikikuta mambo ya ajabu, huyo mama hakanyagi tena hapa."

Watoto wa Mama Alina walikuwa bado Bukavu, na kuja kwao kulitegemea kazi ile. Nilikuwa nalijua hilo vizuri. Lakini neno lilishatoka, nikamwita mlangoni mwa chumba cha bibi, Filipo akaingia nyuma yangu.

"Nasikia mna siri hapa," Filipo akamwambia Mama Alina. "Na mali."

Mama Alina akanigeukia. "Ni weye ulisema vile?"

"Nimesikia kwa masikio yangu," nikamjibu kwa Kiswahili. "Siri! Mali! Usinifanye mtoto, Mama Alina."

Akanitazama, akapiga makofi. "Eh, Mungu wangu! Dada, ile njo Kifaransa! 'Mali' njo sanduku, hili hapa! Na 'siri' njo nta. Nta ya nyuki! Weye unasikia Kiswahili hata fasi Kiswahili haiko!" Kwa Kiswahili chao 'njo' ni 'ndiyo', na 'fasi' ni 'mahali'.

Sikuamini, nakwambia kweli. Nikasema moyoni, mjanja huyu, uongo ameupata upesi. Filipo naye hakuamini. Bibi akatutazama mmoja mmoja, kisha akauvua ule ufunguo mwenyewe.

Kifuniko kilipoinuka, harufu ikanifikia kabla sijaona kitu. Marehemu baba yangu alikuwa anarina asali. Harufu ile naijua kuliko ya sabuni. Ndani mlikuwa na mashuka ya zamani, vibao vilivyochongwa mifereji mirefu, na donge la nta limezeeka, lina muhuri wa nyuki. Hakuna dhahabu. Hakuna hati ya nyumba.

Bibi akaanza kusimulia, Mama Alina anatafsiri kwa Kiingereza chake cha kuungaunga. Kwao ni mji mdogo, ukipiga chafya mwisho huu, wa mwisho ule wanakuombea afya. Kazi ya mji tangu mababu ilikuwa mishumaa, inamiminwa kwenye vibao vya mifereji kama vile. Nta waliianika vipande vyembamba juu ya mashuka uwandani, jua likaila manjano yake mpaka ikawa nyeupe, na wasichana walishinda hapo kufukuza kuku. Mtoto akiugua, mama yake alimpima kwa utambi, utosini hadi kisiginoni, akatengeneza mshumaa wa urefu uleule, akauwasha kanisani. Mdogo wake bibi alipimwa hivyo, na mshumaa wake ulitoka kwenye kimoja cha vibao vilevile. Nikauliza kama alipona. Alipona, akasema bibi, akawa mlevi mkubwa.

Siku hizi watengenezaji wamekwisha, nyumba za nta wanalala watalii, na kwenye makumbusho ya mji wameandika eti nta ilianikwa usiku. Bibi alikasirika sana alipofika hapo. "Usiku jua liko wapi?" Tangu siku ile na mimi maandishi ya makumbusho nayasoma kwa jicho moja.

Kisha akanigeukia. "Wewe umeliangalia sanduku langu tangu ufike humu. Una mdomo. Mbona hukuniuliza?" Akamgeukia mwanawe. "Na wewe umeliangalia tangu uzaliwe."

Filipo akakaa chini kwenye zulia, na tai yake. Akauliza huo utambi walikuwa wanaupata wapi. Nilifurahi, ila baadaye nilimkuta anavipiga picha vile vibao na kuulizia kwenye simu vinauzwaje. Mpaka leo sijui alikaa chini kwa ajili ya mama au kwa ajili ya bei. Namshuku.

Mama Alina hakufukuzwa, na watoto wake walikuja. Lakini jioni ile nilimsubiri amalize zamu, na kwenye treni na kwenye basi mpaka Lanham, hakunisemesha. Nyumbani akapika, akaniwekea sahani. "Kula," akasema. "Siku ingine kama huelewi, uliza miye. Usiulize boss."

Mwanangu, sikukatazi kushuku. Dunia hii ina matapeli, na wewe si mjinga. Ila anza kuyashuku masikio yako. Neno usilolielewa, lipeleke kwa aliyelisema, usilipeleke jikoni kwa mtu mwenye uwezo wa kumfukuza mwenzako kazi. Na sisi wazee wenu, mnaotusikia Kiswahili mkatujibu Kiingereza, tuulizeni. Kwetu ni wapi, tulikuwa tunafanya kazi gani, hiki tulichokificha ni nini. Ulizeni hata kwa ubaya, kama polisi, mradi mmeuliza tungali na maneno ya kujibu.

Mungu akufungue masikio, akulainishie ulimi, akupe watu wa kukusimulia na subira ya kuwasikiliza. Na riziki ya mtu isikatike kwa neno lililotoka kinywani mwako. Amina.