Cheni ya Chainsaw Hainunuliwi kwa Kupima Urefu: Yaliyotukuta Mimi na Baba, Olmotonyi

Wakuu, heshima kwenu wote. Wakubwa zangu shikamooni, wadogo zangu marahaba, naipokea hata kama hamjaitoa.

Jana kuna jamaa ameuliza humu: "Chainsaw yangu upanga wake ni inchi ishirini, ninunue cheni gani?" Nimesoma majibu yote. Wengi mmemwambia abebe cheni ya zamani aende dukani apimiwe yenye urefu uleule.

Nilicheka peke yangu mpaka mwanangu akaja kuangalia kuna nini. Ushauri huohuo ndio uliomwaibisha baba yangu mzazi mbele ya rika lake.

Sasa ngoja niwasimulie. Nilikuwepo, niliona kwa macho yangu, na sitaongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya soko huria, wakati maduka ya Arusha yameanza kujaa vitu ambavyo wengine tulikuwa tunavisikia tu. Kwa upande mwingine viwanda vilikuwa vinapunguza watu. Baba alikuwa fundi wa kupasua mbao kwenye kiwanda kimoja huku kwetu mlimani, na redandasi ikampitia. Kwenye mafao yake wakamhesabia na chainsaw moja ya kiwanda, iliyotumika lakini nzima.

Baba aliipenda ile mashine jamani. Yeyo, yaani mama yangu, alikuwa anamtania kwamba angekuwa na nafasi angeilaza kitandani.

Kazi yake ya kwanza akiwa mtu wa kujitegemea ilitoka usharikani kwetu. Kanisa lilikuwa limefika kwenye renta, linasubiri paa. Waumini wakajitolea miti mashambani mwao, migrivea na mikaratusi, na baba akapewa kupasua mbao zote za paa, za kenchi na za papi. Masharti yalikuwa mbao ziwe tayari kabla ya masika.

Mnajua maana ya hiyo kazi? Mtu ametoka kupunguzwa. Kijiji kizima kinamwangalia kama ataweza bila mshahara. Na kulikuwa na bwana mmoja wa Kisongo mwenye mashine mbili na pikapu, ambaye alishawaambia wazee wa kanisa kwamba baba akichemsha yeye yupo.

Baba akaanza vizuri. Wiki ya pili akakutana na mgrivea uliokuwa nguzo ya uzio.

Mliokulia huku mnaelewa. Sisi hatuchimbii nguzo, tunapigilia seng'enge kwenye mti ulio hai. Mti unanenepa, unameza misumari, na baada ya miaka hakuna anayekumbuka kama imo. Cheni ikaingia kwenye misumari. Meno ya kukatia yakaisha yote, ripiti moja, kile kipini cha kuunganishia, ikafunguka, cheni ikaanguka chini ndefu kama mkanda.

Baba hakuwa na nyingine.

Kesho yake tukashuka mjini watu watatu: baba, rafiki yake wa rika moja Mzee Lazaro aliyekuwa anamsaidia kupasua, na mimi. Mimi nilikuwa nimemaliza form four, niko nyumbani natunga shanga na yeyo, na siku hiyo nilikuwa napeleka mzigo kwa mama mmoja anayewauzia watalii. Chainsaw haikunihusu kabisa.

Tukaingia duka la spea pale Levolosi. Mwenye duka alikuwa Mchaga, na sisi kama kawaida tunamwita Mangi. Ukutani cheni zimening'inia, na chini kuna maroli yake, yaani cheni ndefu zilizoviringishwa, unakatiwa kama unavyokatiwa kamba.

Sasa elewa tatizo la baba. Kiwandani alikuwa anakwenda stoo, anasaini, anapewa cheni. Stoo ilikuwa na cheni za aina moja kwa sababu mashine zilikuwa za aina moja. Miaka yote ya kazi hajawahi kuchagua. Kwa baba cheni ilikuwa cheni, basi.

Mangi akauliza, "Mzee, unatumia namba ngapi?"

Baba akaweka cheni ya zamani juu ya kaunta. "Kama hii."

Mangi akavuta cheni kutoka kwenye roli lililokuwa karibu, inang'aa hiyo, akailaza kando ya ile ya zamani. Baba akashika ncha huku, Mzee Lazaro akashika ncha kule, wakavuta zikanyooka. Urefu sawasawa.

"Kata," baba akasema.

Mangi akakata, akaunganisha kwa ripiti. Ukutani kuna kibao kimeandikwa kwa rangi nyekundu kwamba cheni ikishakatwa hairudishwi.

Nikiwa nimesimama pale niliona kitu. Ile mpya vipande vyake vilikuwa vidogo vidogo kuliko vya zamani. Niliona kabisa. Lakini kwetu binti hamsahihishi baba yake mbele ya mtu wa rika lake, tena dukani kwa watu. Nikafunga mdomo. Mpaka leo ule ukimya unaniuma, niseme ukweli.

Tukarudi Olmotonyi. Watu wamekusanyika shambani kuangalia mashine ikifufuka. Baba akavalisha cheni, akakaza, akawasha. Ikasaga, ikaruka, ikazima. Akafungua akafunga tena. Ileile. Ile cheni haikukaa kwenye meno ya sproketi, lile gurudumu linaloizungusha cheni, ilikuwa inapanda juu yake.

Mtu mmoja pembeni akasema, "Labda kiwandani kulikuwa na mtu wa kumfungia."

Watu wakacheka. Baba alifuta mikono, akabeba mashine begani, akaondoka. Sijawahi kumwona baba akitembea vile, na niliumia mno.

Wazee wa kanisa wakaja mchana wa siku iliyofuata. Walikuwa na adabu zao, wakanywa chai, lakini ujumbe ulieleweka: ikifika Jumapili mashine haijaunguruma, wanamwita bwana wa Kisongo.

Walipoondoka nikachukua zile cheni mbili nikakaa nazo uani. Mkono wangu umezoea kuhesabu, ndiyo kazi ya shanga. Nikahesabu yale meno ya chini, yale yanayopita ndani ya mfereji wa upanga, lile bapa la chuma ambalo cheni inalizunguka. Ya zamani sabini na mbili. Mpya themanini na tatu.

Urefu mmoja, lakini mpya imezidi meno kumi na moja!

Nilisimama, nikakaa, nikahesabu upya. Themanini na tatu.

Hapo nikaelewa kila kitu, maana kwenye shanga tunaliona kila siku. Ukitunga mkufu wa shanga kubwa na mkufu wa shanga ndogo, shingo ni ileile, urefu ni uleule, lakini idadi ni tofauti na nafasi kati ya shanga na shanga ni tofauti. Sproketi ya baba ilitengenezwa kwa "shanga kubwa". Sisi tumenunua ndogo.

Shida ikabaki moja, kumwambia. Mzee Lazaro alikuwa amekaa naye hapohapo.

Nikatunga nyuzi mbili haraka, moja ya shanga kubwa na moja ya ndogo, nikazifanya urefu mmoja. Nikaenda, nikainamisha kichwa baba akanigusa utosini, ndiyo salamu yetu kwa desturi, nikaziweka kwenye goti lake pamoja na cheni zote mbili.

"Baba, naomba unisaidie kuhesabu hizi."

Mzee Lazaro akasema, "Huyu mtoto naye, sisi tuko kwenye matatizo yeye analeta mapambo."

Baba akahesabu shanga. Akachukua cheni akaanza kuhesabu kwa kidole gumba, taratibu, jino kwa jino. Alipofika mwisho wa ya pili alinitazama muda mrefu.

"Lazaro," akasema, "tulipima kamba."

Hela ya cheni ya pili ilitoka kwa mbuzi wa yeyo. Yeyo mwenyewe ndiye aliyemshika kamba kumpeleka mnadani, wala hakuombwa. Mbuzi mwingine hakuwepo, kwa hiyo tukikosea tena ndiyo basi, kazi inakwenda Kisongo.

Ijumaa tukashuka tena mjini. Safari hii nilimwomba baba tufungue mashine, tubebe upanga wenyewe na sproketi yenyewe.

Mangi alipotuona akaanza kujitetea, "Mzee mimi nilikata ulichosema."

"Sikuja kugombana," baba akajibu. Kisha akanigeukia, dukani kumejaa mafundi na Mzee Lazaro yuko pembeni yake. "Naserian, chagua."

Wakuu, hapo nikasogea kaunta.

Nikamwomba Mangi atoe vipande vya kila roli. Nikaanza na sproketi, naweka kipande juu yake. Kikipanda, naweka pembeni. Vikabaki viwili vilivyokaa vizuri kabisa.

Mangi akachukua kimojawapo. "Hiki hiki dada, zote ni namba moja. Nikate?"

Nikasema bado. Nikakichomeka kwenye mfereji wa upanga, nikakisukuma kwa kidole. Kikalala kushoto, nikakisukuma kikalala kulia. Kilikuwa chembamba, mfereji ni mpana. Ile cheni ingekata mbao inaenda upande kama mlevi.

"Hapana, siyo hiki," nikasema.

"Ah, hiyo itakaa tu," Mangi akasema, mkasi wake wa kukatia chuma tayari mkononi. "Mzee, mwambie binti, hiyo itakaa."

Baba hata hakuuangalia upanga. Alisema, "Amesema hapana."

Basi. Maneno mawili. Nilitaka kulia pale kaunta, nikajikaza kwa sababu nilikuwa nina kazi.

Kipande cha mwisho kiliingia kwenye mfereji kikasimama wima, hakichezi. Nikamwambia Mangi asipime urefu, ahesabu meno sabini na mbili. Akahesabu. Baba naye akahesabu. Mzee Lazaro, ambaye tangu asubuhi hakuwa amenisemesha, akahesabu kwa sauti!

Jumamosi asubuhi mashine iliunguruma mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Gogo la mkaratusi likafunguka, maranda yanatoka makubwa makubwa, siyo unga. Yule aliyesema maneno ya kufungiwa alikuja kusaidia kubeba. Masika ilikuta mbao zote ziko kanisani, zimepangwa, zimefunikwa.

Siku ya kufungua kanisa, mchungaji alimwita baba mbele amshukuru. Baba siyo mtu wa hotuba. Alisimama na koti lake la harusi, rika lake lote limekaa mbele, akasema:

"Mbao nilipasua mimi na Lazaro. Cheni alichagua binti yangu Naserian. Mkitaka kushukuru, anzeni na yeye."

Halafu akakaa. Mimi nilikuwa kwaya, sauti ya pili, na wimbo uliofuata sikuimba hata neno.

Baba ametangulia. Mimi leo nina duka langu la spea hapahapa Arusha, na nyuzi mbili za shanga zimening'inia ukutani nyuma ya kaunta. Wateja wanadhani nauza.

Kwa hiyo ndugu yangu wa jana, inchi ishirini za upanga hazitoshi. Angalia nafasi ya meno ikubaliane na sproketi. Angalia unene ukubaliane na mfereji. Halafu hesabu meno ya chini, usipime. Na ukiwa na binti nyumbani anayeangalia kazi yako kimya kimya, muulize ameona nini, usisubiri mpaka cheni ikatwe.

Mwenye kubisha abishe, mwenye swali aulize, mafundi mnikosoe, nipo nasoma. Ila yeyote atakayeniletea urefu tu nitamrudisha nyumbani akahesabu kwanza.