Mapengo ya Kinubi cha Bi Rukia

Siku shangazi yangu alipoizima biti yangu, mdundo nilioutunga mwenyewe, kabla haijafika katikati, mwanangu, naikumbuka, na hadi leo masikio yananiwaka moto. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, nina kompyuta chakavu na kiburi kipya kabisa.

Bi Rukia, dada yake baba, alikuwa na kinubi alichoachiwa na marehemu mumewe. Alikipigia nyimbo za vugo, zile za harusi ambazo wanawake huimba huku wakigonga pembe za nyati kwa vijiti. Nikaomba kumrekodi, akakubali. Nilitaka kuitia sauti ile ndani ya hip hop, rafiki yangu Salimu aghani juu yake kwenye shindano la vijana hapa Amu, yaani Lamu, pale jeti zinapofunga mashua. Baba alikuwa ameshasema: tukishindwa, kompyuta inaondoka nyumbani, nami naingia dukani kwake kupima mchele. Na baba si mtu wa kusema mara mbili.

Sasa sikiliza ujinga wangu. Rekodi ilikuwa na mapengo. Shangazi anapiga, ananyamaza, anapiga tena. Nikadhani ni uzee wa vidole! Nikayakata mapengo yote, nikajaza ngoma na besi mpaka pumzi ikakosa pa kupita. Nikampelekea, nikingoja sifa.

Akasikiliza kidogo, akazima.

"Mwanangu, na sisi tutaitika wapi?"

"Kuitika nini, shangazi?"

"Pembe! Hapo ninaponyamaa ndipo wenzangu hugonga. Wewe umetufunga kanwa. Haya, nenda, na sauti ya kinubi changu uiate."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Mimi mtoto wa Amu, nimekulia kwenye harusi hizo, nisijue pembe hulia wapi! Kabla ya kuiacha sauti ile kama alivyoamuru, nikataka kwanza kurekebisha kosa langu: nikarudi kwenye kompyuta, nikayarudisha mapengo jinsi alivyoyapiga, hata ngoma yangu nikaifundisha kunyamaza. Siku ya tatu nikampelekea tena. Safari hii alisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani akatoka na pembe yake.

Shindano lilikuwa baada ya sala ya alasiri. Salimu akashika kipaza sauti, kinubi kikalia kwenye spika, kikanyamaza. Upande wa wanawake, Bi Rukia na wenzake sita wakagonga pembe kwa pamoja, bila kuchelewa hata kidogo. Watu wakapiga kelele! Pengo la pili wakaitika kwa makofi waliokuwa madukani, na la tatu jeti nzima. Nikamwona baba, yule yule, anapiga makofi mikono juu. Tulishinda, mwanangu, alhamdulillahi, na baba ndiye aliyebeba spika kuzirudisha nyumbani.

Nasikia nawe umepata sauti ya kinubi, unaitengenezea biti. Nimefurahi sana. Lakini kabla hujaikata, nenda kwa wenyewe ukaulize: hapa pameachiwa nani? Kimya cha mtu mzima usikione ni upungufu. Mwenye wimbo mpe nafasi yake, nawe ya kwako utaipata. Mola akufungulie kheri katika kazi ya mikono yako, akupe masikio ya kusikia na wazee wa kukukemea, na siku utakapopanda jukwaani, inshallah, mji mzima ukuitike.