Komeo agombea namba na kipa mwenye adabu kupita kiasi

Jua halijapanda vizuri, na mtu mzima mwenye mke na watoto wawili anajitupa chini kwa hiari yake mwenyewe. Anaangukia ubavu wa kulia, anainuka, anaangukia wa kushoto. Kocha wa makipa, mzee mnene mwenye filimbi shingoni, anamrushia mpira mwingine kabla hajamaliza kusimama.

"Amka, babu! Umelala?" kocha anamtania.

"Babu ni wewe," anajibu, mpira ukiwa tayari kifuani.

Wachezaji wenzake wanamwita Komeo, kwa kuwa akilifunga lango amelifunga. Ana miaka thelathini na sita, na kwa misimu tisa amekuwa kipa wa kwanza wa timu hii. Asubuhi hii, hata hivyo, jicho lake moja liko kwenye mpira na jingine liko kwenye lango la pili, ambako kijana wa miaka kumi na tisa anadaka mashuti makali kama mtu anayeanua nguo kambani.

Kijana huyo ni mrefu kiasi kwamba huinama akiingia chumba cha kubadilishia nguo. Jina la Ngazi alipewa siku ya kwanza, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Amepandishwa kutoka timu ya vijana, na kilichomleta ni kitu kimoja tu: namba ya Komeo.

"Beki anaweza kuhamishiwa kiungo. Winga atabadilishiwa upande. Kipa utamhamishia wapi?" Komeo anauliza, akijitoa tope sikioni kwa kidole. "Lango ni moja, sisi tuko wawili."

Kocha mkuu, ambaye naye ni mgeni, alitangaza mapema kwamba hakuna mwenye namba yake. Kipa atakayemridhisha mpaka mechi ya majaribio ndiye atakayeanza ligi ikifunguliwa. Kwa Ngazi hilo lilikuwa neno tamu. Kwa Komeo lilikuwa jambo la kufa na kupona, maana mkataba wake unaisha mwisho wa msimu, na kipa wa umri wake akianza kusugua benchi ni nadra kuitwa ofisini kusaini mwingine. Posho ya mechi nayo, kwa wanaokaa benchi, ni nusu.

"Ukikaa benchi na umri huu, watu wanaanza kukuuliza utafanya kazi gani baadaye," anasema. "Wanauliza kwa huruma kabisa. Hiyo huruma ndiyo inayoniudhi."

Kazi anaijua. Kabla ya mpira alikuwa kibarua wa ujenzi, na kibarua chake kilikuwa kudaka matofali. Mwenzake alisimama chini akiyarusha, yeye akasimama juu ya jukwaa la mbao, akadaka na kumpa fundi. Msimamizi, shabiki wa timu hii tangu utotoni, alimwona siku moja akidaka huku anapiga soga na fundi, wala hatazami. Alimshika mkono na kumpeleka mwenyewe kwa kocha wa wakati huo.

"Mpira ukikuponyoka umefungwa goli," Komeo anasema. "Tofali likikuponyoka, kule chini kuna kichwa cha mtu. Sasa penalti itanitisha nini?"

Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto havinyooki tena. Akikuaga kwa mkono, unahisi umeshika kitasa cha mlango. Mke wake, ambaye ni fundi cherehani, humrekebishia glovu ili ziendane na vidole hivyo. Nyumbani kwao sebule ina pande mbili: huku cherehani na rundo la sare za wanafunzi, kule kochi moja ambalo wote wanne huligombania jioni.

Katika wiki za mwanzo za maandalizi, kochi hilo lilikuwa na mtu mwenye mawazo. Ngazi alikuwa anadaka kila kitu. Damu changa, miguu mepesi, mikono inayofika kusikofikika. Komeo alianza kula bila hamu, na watoto walijifunza kutomwuliza mazoezi yalikuwaje.

Kisha zikaanza mechi za ndani, wao kwa wao, na mambo yakageuka. Shuti la kuvunja nyavu Ngazi alilidaka. Kona ya kawaida kabisa ikaingia. Krosi nyepesi, mabeki wakagongana, mpira ukapita katikati yao, goli. Kesho yake vilevile. Kocha mkuu akawa anakuna kichwa.

Komeo aliyekaa nyuma ya lango aliliona tatizo mara moja. Kazi ya kipa nusu ni mikono na nusu ni mdomo. Yeye peke yake ndiye anayeuona uwanja wote, hivyo anapaswa kuwaamrisha mabeki: sogea, toka, acha, yangu! Ngazi aliyaona yote, ila hakuweza kumfokea mtu aliyemzidi umri. Nahodha, beki wa kati anayejulikana kama Baba Mapacha, ana mvi mbili tatu kidevuni, na Ngazi humwamkia shikamoo kila asubuhi. Mpira ulipoanza, heshima iliendelea palepale.

"'Kaka, samahani,'" Komeo anamwigiza, ameinamisha kichwa na kukutanisha viganja. "'Naomba usogee kushoto kidogo, kaka yangu.' Yaani akifika kwenye kushoto, mpira uko wavuni!"

Anacheka mpaka anajifuta machozi. Wakati ule pia alicheka, lakini kimoyomoyo. Hakumwambia mtu. Kocha wa makipa alidhani kijana anaogopa kugongwa, akamwongezea mazoezi ya kuruka. Komeo akafunga mdomo wake na kuanza tena kula vizuri.

Jioni moja akamsimulia mkewe, kwa furaha kabisa, akidhani watacheka wote. Mkewe aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

"Kwa hiyo, baba watoto, unataka ushinde kwa sababu mtoto wa watu ana adabu?"

"Mimi sijamfanyia chochote."

"Ndicho ninachosema. Hujamfanyia chochote."

Komeo alipandwa na hasira. Alimwambia ashone nguo za wateja na mpira amwachie yeye. Mkewe akaendelea kushona kana kwamba hakusikia, na mwanamume mzima akabaki kwenye kochi akiitazama ngumi yake. Anakiri kwamba maneno yale hayakumtoka kichwani.

"Si kwamba nilimwonea huruma," anasema. "Huruma ya nini? Ni mpinzani wangu. Lakini misimu tisa nimeishika namba hii kwa mikono yangu. Nikiishika safari hii kwa sababu mwenzangu anaona haya kusema, nitakuwa nimedaka nini?"

Kesho yake, mazoezi yalipoisha, alimzuia Ngazi asiende kuoga. Alimwita na Baba Mapacha. Kulikuwa na goli la chuma la mazoezi, lile la kubebwa, lililotakiwa kuhamishwa upande wa pili wa uwanja. Komeo akashika mbele, nahodha akashika nyuma na kuanza kutembea kinyumenyume. Ngazi akaambiwa kazi yake ni moja, kuwaongoza.

"Kaka," Ngazi akaanza, "samahani, hapo nyuma yako naona kama kuna..."

Baba Mapacha akatumbukiza mguu mzima kwenye ndoo ya maji.

Kijana nusura apige magoti kuomba radhi. Nahodha alitoa mguu, akamwaga maji kutoka kwenye kiatu. Komeo ndiye aliyesema.

"Umeona? Adabu yako imemlowesha nahodha. Shikamoo mpe kabla ya mechi, na baada ya mechi ukitaka mpe mbili. Hapo katikati hana umri. Haya, tuongoze."

Wakabeba tena. Ngazi akaacha samahani, akabaki na kaka. Wakamrudisha mwanzo. Akaacha kaka, lakini akanong'ona. Wakamrudisha mwanzo. Baba Mapacha, aliyekuwa amechoka na mguu mbichi, akamwambia kwamba kama hataki kupiga kelele, basi yeye anaenda nyumbani kwa wanawe.

"Simama! Kushoto! Shusha!"

Ilikuwa sauti nene ambayo hakuna aliyejua kijana anayo. Mtunza uwanja, aliyekuwa mbali kabisa, naye akasimama na kuiweka reki yake chini.

"Kwetu ukimpandishia sauti mtu mkubwa, bibi anakuuliza umekula nini," Ngazi anaeleza, akitabasamu kwa haya. Bibi huyo ndiye aliyemlea. "Sikujua kama inaruhusiwa. Wengine wote waliniambia niruke juu zaidi."

Katika mechi ya majaribio kila kipa alipewa kipindi kimoja. Komeo alianza na hakufungwa, na penalti moja akaipangua kwa vile vidole vyake vilivyopinda. Kipindi cha pili kona ya kwanza ilipopigwa, sauti ikapasua uwanja: "Baba Mapacha, toka! Yangu!" Nahodha akaruka pembeni bila kufikiri. Ngazi akapaa juu ya vichwa vyote na kuupiga mpira ngumi hadi karibu na katikati. Naye hakufungwa.

Kocha mkuu hakuzunguka mbuyu. Aliingia chumba cha kubadilishia nguo, akasema wote wawili wamemridhisha, lakini mechi ya kwanza ataanza Ngazi.

"Iliuma," Komeo anasema, na kwa mara ya kwanza hatanii. "Nisikudanganye. Niliingia bafuni nikafungulia maji ili wasinisikie."

Alijuta kumfundisha?

"Muda ule, ndiyo. Nilijiita kila jina baya ninalolijua. Nilipofika nyumbani nikamwambia mke wangu, haya, furahi sasa. Alizima taa ya cherehani, akaja kukaa kwenye kochi, akaniegemea. Watoto wakaja wakanilalia miguuni. Nikaona, basi, sijamwaga unga bado. Niko hai."

Katika timu hii kuna desturi kwamba kipa asiyecheza ndiye anayempasha moto anayecheza. Siku ya ufunguzi wa ligi, mashabiki wakiwa wanaingia, Komeo alisimama mbele ya lango lililokuwa lake na kumpigia kijana mpira mmoja baada ya mwingine.

"Nilimpigia mashuti yenye hasira kidogo," anakiri. "Akayadaka yote, mpuuzi yule. Nikajua yuko tayari."

Kisha akaenda kukaa. Na huko benchini, anasema, alikutana na jambo ambalo hakulitarajia. Misimu yote hiyo, timu yake ilipofunga goli, yeye alikuwa upande wa pili wa uwanja. Aliwaona wenzake kwa mbali, wadogo, wamerundikana, naye akashangilia peke yake. Kuna siku alikumbatia nguzo ya goli, kwa kukosa mtu.

Safari hii, mechi ikielekea ukingoni bila bila, mshambuliaji wao aliupachika mpira wavuni na kukimbia moja kwa moja hadi benchi. Timu nzima ikamfuata. Komeo, aliyekuwa wa kwanza kusimama, akawa wa kwanza kuangushwa. Walimlalia mabeki, viungo, daktari wa timu na kocha wa makipa pamoja na unene wake wote.

"Nilikanyagwa, nikapigwa kiwiko cha jicho, pumzi ikaniisha," anasema, na uso wake wote unang'aa. "Ndugu yangu, kumbe ndivyo ilivyo! Miaka yote hii wananinyima!"

Mechi iliisha hivyohivyo, bao moja kwa sifuri, na Ngazi akalilinda lango mpaka mwisho. Komeo alikwenda kumkumbatia. Alimpongeza kwa dhati, kisha akamwambia sikioni, taratibu, kwamba namba ile ameazimwa.

Anachokitaka sasa ni kuirudisha namba yake kabla msimu haujafika nusu, na kusaini mkataba mmoja zaidi, angalau wa msimu mmoja, ili watoto waendelee kumwona langoni. Kocha mkuu amemwambia mlango uko wazi, na Komeo amemwomba aseme hivyo mbele ya watu ili baadaye asije akasahau.

"Raha ya benchi nimeionja, na tamu ni tamu," anasema, akiinama kukaza kamba za viatu. "Ndiyo maana nataka kutoka mapema, kabla sijaizoea."