App ya bure ilikata kimya cha Salima: nilivyochagua programu ya kuhariri video huku Kasongo

Wakuu, habari za huko muliko. Mimi niko Kasongo, Maniema, kwa hiyo Kiswahili changu kikienda upande munivumilie. Ninayoandika yamenipata mimi mwenyewe.

Humu kila mara mutu anauliza: app gani ya kuhariri video iko ya bei nafuu, kwa sisi tunaofanya kwa kupenda tu? Majibu ni yale yale. Hii iko na effects nyingi, ile iko na template kali. Hata mimi nilikuwa najibu hivyo.

Mimi ni shabiki wa kikundi cha wamama wanaoimba na kupiga ngoma hapa kwetu. Siyo meneja wao, siyo ndugu yao, shabiki tu. Wakiimba narekodi na telefone, nakata, naunganisha, naweka majina ya mashabiki wenzangu, kisha video inatembea kwa Bluetooth na kadi memori mpaka kwenye machimbo ya dhahabu.

Internet huku ni ya kubahatisha. Batri tunachajisha kwa mutu mwenye sola, na jua likikataa, basi, umeshika jiwe mkononi.

Sasa tuingie kwenye habari yenyewe.

Mmoja wa wamama wale, Mama Mwavita, alifariki. Mungu amulaze pema. Aliacha mutoto mmoja tu, Salima, anayeuza sabuni na unga kwa wachimbaji upande wa Lusangi. Mvua ilikuwa imeharibu barabara, hata pikipiki hazikupita. Salima hakumuzika mama yake. Siku ya kuondoa matanga vilevile hakufika.

Wamama wakaniambia nitengeneze video nzuri, apelekewe na yeye aone.

Wamama hawa wako na desturi yao. Kwenye wimbo wa mwisho wa matanga, Mama Feza, ambaye ndiye anaongoza, anaita jina la marehemu. Ngoma inanyamaza. Mutoto wa marehemu anajibu, "Niko." Hapo ngoma inarudi kwa nguvu, watu wanacheza, matanga yamekwisha.

Siku ile Mama Feza aliita na hakuna aliyejibu. Hawakumupa mutu mwingine nafasi hiyo. Walisimama wakingoja, mikono juu ya ngoma, muda mrefu. Kisha wakaendelea. Nilirekodi yote.

App niliyokuwa natumia ilikuwa ya bure, karibu kila mutu hapa anayo. Iko na kitufe kimoja, ukikibonyeza inakupangia video yenyewe: inaondoa sehemu zisizo na sauti, inasafisha kelele, inamwaga nyota. Nikabonyeza. Wakuu, video ilitoka tamu! Nikajipongeza peke yangu.

Barabara ilikuwa imeanza kukauka, na Amuri, motard wetu, alikuwa anaondoka na pikipiki yake kwenda Lusangi asubuhi ya kesho yake. Kabla ya kumupa kadi nikapita kwa Mama Feza ili wamama watazame kwanza.

Tukaegemeza telefone kwenye sufuria. Walicheka, kila mmoja anajitafuta, huyu anasema, "Aaa, mbona nimenenepa hivi!" Mama Feza alikuwa bado na kitambaa cheusi cha matanga kichwani. Yeye hakucheka.

"Rudisha nyuma," akasema.

Nikarudisha.

"Salima atajibu wapi?"

Nikamwambia, Mama, pale hapakuwa na kitu, palikuwa kimya tu, app imekata yenyewe.

"Kile kimya ni cha Salima. Mutoto yangu, umemufungia mulango."

Nikatazama tena: jina linaitwa, na papo hapo ngoma inadunda. Salima angeona kwamba wamama hawakumungoja hata kidogo. Na angeamini, maana ni video, nani atabishana nayo?

Namushukuru Mungu video ya asili nilikuwa sijaifuta. Lakini jua lilikuwa linashuka, na likishazama hakuna kuchajisha tena.

Nikazima kile kitufe. App ikakubali, ila ukipanga mwenyewe inabandika nembo yake kubwa juu ya mikono ya wapiga ngoma. Kuiondoa ulipe kila mwezi kwa kadi ya benki. Kadi ya benki, mimi? Haya.

Rafiki akanipa app ya kulipia iliyovunjwa kufuli ili itumike bure, zile zinazopitishwa mkono kwa mkono. Kufungua tu, inaomba kusoma namba zangu zote na messages. Wewe unakata video, namba za shangazi zangu ni za nini? Nikaitoa.

Nikakimbilia kwa binamu yangu mwenye kompyuta ya kuchapishia watu barua. Ndani iko programu ya bure kabisa, ile inayotengenezwa na watu wanaojitolea. Haina nembo, haiombi internet. Sitaki kudanganya, ni nzuri, mwenye mashine ya nguvu achukue hiyo. Ile ya binamu imezeeka. Kila nikigusa picha inaganda, na wateja wake wananikodolea macho.

Mwisho nikakumbuka app moja ndogo niliyokuwa naidharau. Sura yake mbaya, nyota haina, template haina. Inakata pale ulipoiambia, inaunganisha pale ulipoiambia, basi. Iko offline, na faili yake ni nyepesi, inafunguka hata kwenye telefone ya zamani.

Nikaacha kimya chote. Na mvua kwenye mabati, na mutu anayekohoa, na jogoo. Asubuhi Amuri akaondoka na kadi.

Aliporudi alienda moja kwa moja kwa Mama Feza, nikaitwa. Akasema Salima alitazama akiwa kwenye meza yake ya biashara, akawaomba wachimbaji wazime mashine ya kusaga mawe. Wale hawazimi mashine kwa ajili ya mutu. Walizima.

Jina lilipoitwa, Salima akasimama.

"Niko, mama."

Ngoma iliporudi akacheza, analia na anacheza, na wachimbaji wakaingia kucheza naye, watu ambao hawakumujua Mama Mwavita hata kwa sura.

Mama Feza alimusikiliza Amuri mpaka mwisho. Kisha akafungua kile kitambaa cheusi kichwani, akakikunja polepole, akakiweka juu ya magoti.

"Sasa yamekwisha," akasema.

Wakuu, tangu hapo mutu akiniuliza app ya bei nafuu, namuuliza kwanza: kwenye video yako, kitu gani hakitakiwi kuguswa? Tafuta app inayokubali kukiacha. Mapambo utaongeza baadaye.

Mwenye app nyepesi, isiyojifanya kujua kuliko mwenye video, aitaje hapa chini. Na aliyewahi kukatiwa kitu bila kuulizwa, atuambie kilikuwa nini. Nitasoma zote, jua likiwaka.