Usizime Mteremkoni

Mjomba wangu alikuwa na gari ambalo halikuwa na kazi yoyote kijijini kwetu Mnero. Lilikuwa la Kimarekani, la milango miwili, boneti ndefu, matako yameinuka utadhani linataka kuruka shimo. Alilinunua ujanani kwa mfanyabiashara mmoja wa Nachingwea aliyekuwa anahama, akalitunza bandani chini ya turubai, pembeni ya magunia ya korosho. Kijiji kizima kiliamini kwamba chini ya boneti ile kuna silinda nane. Zilikuwa sita, na mbili kati ya hizo zilishachoka. Mimi nilijua kwa sababu ndimi niliyezifungua, lakini mjomba alinikataza kusema.

Kwetu mjomba si mtu wa kwenda kumsalimia sikukuu tu. Yeye ndiye aliyenipeleka jandoni, na baba alipokufa, mama alirudi kwa kaka yake huyo na sisi nyuma yake. Mikorosho, ndoa, hata ugomvi wa kuku, neno la mwisho lilikuwa lake. Mpwa hamwelekezi mjomba. Ukiwa na jambo zito la kumwambia unalipeleka kwa mama, naye atalifikisha kwa kaka yake kwa wakati wake na kwa maneno yake. Watu wa Dar wameniuliza kwa nini lile jambo la gari sikumwambia mwenyewe, uso kwa uso, kama mtu mzima. Wao huongea na wajomba zao kama wanavyoongea na makondakta.

Nikiwa na miaka kumi na saba niliifungua mashine yake ya kupulizia mikorosho ili nione inavyofanya kazi, nikapoteza springi moja ndogo. Wakati wa kupulizia ulifika mashine ikiwa vipande vipande ndani ya beseni. Ugonjwa wa ubwiriunga ukala maua yote, na msimu ule tulivuna majani. Mjomba hakunipiga. Aliita kikao akasema mbele ya ukoo, "Huyu ni mharibifu," na jina likanigandia. Nilikwenda Dar nikakaa gereji za watu miaka tisa, nikarudi Nachingwea nikafungua yangu nyuma ya soko, nikatengeneza magari ya wakubwa wenye vitambi, na bado mjomba akinitambulisha kwa mgeni alisema, "Mtoto wa dada yangu huyu, anachokonoa magari." Nilitaka aniite fundi. Mara moja tu, mbele ya watu. Ni aibu kwa mwanamume mwenye watoto wawili kukiri kwamba alikuwa analala na kuamka na kitu kama hicho, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nafasi ikaja mdogo wangu wa kike alipoposwa na kijana wa Ruangwa. Mjomba alikwenda kuwaona wakwe kwa lile gari, na kwenye kile kilima kirefu kabla ya kuingia Ruangwa gari likagoma. Wazee aliowabeba, na kanzu zao, walishuka wakasukuma, na habari ilifika kwa wakwe kabla yao. Aliporudi alikuja gereji kwangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimama mlangoni, hakuingia.

"Unaweza kuliongezea nguvu?"

"Naweza, mjomba."

"Liongeze. Siku ya harusi nampeleka bibi harusi mwenyewe kwa gari langu. Ukiliharibu, usikanyage tena kwangu."

Nilikuwa na miezi mitatu. Injini mpya ingekuwa rahisi, lakini mjomba alitaka injini ileile, kwa hiyo niliamua kulifungia tabo. Tabo ni feni mbili kwenye mhimili mmoja: moshi wa ekzosi unaizungusha ya kwanza, na ya pili inaisindilia hewa ndani ya injini. Niliing'oa yangu kwenye lori dogo lililopinduka njia ya Kiegei. Kichwa cha injini kilikuwa kimekaa chini mno kwa presha ile, nikakata gasketi nene kwa mkono kutoka bati la shaba, tundu moja moja, nikakiinua. Boya la kabureta, lile linaloelea kwenye petroli, likabonyezwa na hewa kama kopo, nikalitafutia jingine gumu. Bomba la ekzosi nilichomelea mara nne, na mara tatu za mwanzo lilipasuka. Nikatoboa karai la oili chini ya injini ili oili inayotoka kwenye tabo ipate pa kurudi, na kabla ya kutoboa nilipima mara tatu, maana tundu la namna hiyo huwezi kulirudisha.

Mjomba alikuja mara mbili kuangalia. Alikaa kwenye tairi kuukuu. Mara ya pili aliniletea mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wa nailoni, akasema, "Kula, usije ukanifia juu ya gari." Nitasema ukweli: niliila ile mihogo nikiwa na furaha ya kijinga kabisa.

Gari lilipanda. Nililijaribu njia ya Kiegei nikiwa na magunia manne ya mchanga nyuma, na ukilikanyaga unasikia mluzi chini ya boneti, halafu kiti kinakusukuma mgongoni. Nilicheka peke yangu mle ndani kama mwendawazimu. Lilibaki jambo moja tu. Tabo ikishafanya kazi kilimani inakuwa nyekundu kwa moto, na kinachoiokoa ni oili inayopita kwenye beringi zake. Ukizima injini ghafla oili inasimama, feni bado zinazunguka, beringi zinaungua. Inabidi uiache ingurume taratibu dakika mbili tatu ndipo uzime.

Na mjomba, kama madereva wote wa zamani wa huku, alikuwa mtu wa kuzima mteremkoni. Walijifunza gari enzi ambazo petroli ilikuwa ya kutafuta kwa tochi. Akifika juu ya kilima anaweka nyutro, anazungusha ufunguo, gari linateleza kimya mpaka bondeni, halafu analitia gia linawaka lenyewe. Alifanya hivyo miaka yote bila kufikiri, kama anavyovua kandambili mlangoni.

Nikaenda kwa mama. Alikuwa anapepeta ufuta uani.

"Mama, mwambie mjomba asizime gari mteremkoni. Hata mara moja. Akizima, kila kitu kimekufa."

"Si umwambie wewe uliyelitengeneza?"

"Mama."

"Haya. Nitamwambia."

Ndoa ilifungwa Mnero, na siku ya pili ndiyo ilikuwa ya kumpeleka bibi harusi kwa mumewe. Nilitaka niendeshe mimi, lakini hilo halikuulizika hata kwa kupitia kwa mama. Mjomba aliendesha, mama alikaa mbele, bibi harusi na shangazi yetu wakakaa nyuma. Mimi nilitangulizwa kwa pikipiki kwenda kuwapanga wapokeaji. Kabla ya kuondoka nilimpigia mama simu. "Ulimwambia?" Akasema, "Ee, nenda, wageni wanakungoja."

Nikaenda. Na kwa kuwa nina mdomo, niliwasimulia wakwe kuhusu tabo. Niliwaambia wakae kimya wasikie mluzi. Vijana walitoa simu zao wajiandae kurekodi. Tukangoja saa nzima, tukangoja nyingine, ngoma zikapigwa zikachoka.

Gari la mjomba liliingia likivutwa na trekta kwa kamba. Boneti imefungwa kwa mpira, moshi wa oili unafuka pembeni, na mdogo wangu ndani yake na hina yake, analia kimyakimya. Vijana walirekodi hilo badala ya mluzi. Mjomba alishuka na kanzu yenye madoa meusi magotini, ina maana alipiga magoti barabarani, mzee wa umri ule. Akanitazama mbele ya wakwe wote.

"Gari lako hilo," akasema.

Nilifungua boneti, nikachomoa bomba la hewa, nikaingiza vidole. Mhimili wa tabo ulikuwa umekatika na feni imesagika. Vipande vyake vilikuwa vimemezwa na injini. Sikuhitaji kuangalia zaidi.

"Mjomba, ulizima mteremkoni?"

"Nimezima. Miteremko yote."

"Si uliambiwa usizime?"

Hapo alimwangalia mama. Mama alikuwa bado amekaa ndani ya gari, mikono mapajani, anatazama kioo cha mbele kana kwamba barabara inaendelea. Mjomba alimwangalia muda mrefu, kisha akarudisha macho kwangu.

"Niliambiwa," akasema.

Damu ikanipanda. Miezi mitatu, shaba ile, mihogo ile, na mtu ameambiwa, akaamua tu kwamba neno langu si neno. Nikamwambia mbele ya wakwe, mbele ya mdogo wangu, mbele ya simu zile zote, "Basi mharibifu ni wewe. Na mwaka ule wa mikorosho pia ulikuwa wewe, uliyemwachia mtoto mashine halafu ukambandika jina." Nilisema na mengine ambayo siyaandiki. Mjomba alijifuta mikono kwenye kanzu, ambayo ilishaharibika hata hivyo, akaingia ndani kuwaomba wakwe radhi kwa kuchelewa.

Tangu siku hiyo hatukusemezana. Gari aliliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wakalikata palepale uani. Ukoo ulikaa kikao bila mimi, na nikaambiwa kwamba mtoto aliyemtukana mjomba ugenini asihesabiwe kwenye mambo. Nikasema sawa, mambo yenyewe yapi. Nilikaa na hasira yangu karibu mwaka mzima, na siwezi kudanganya, ilinipa raha fulani. Nilikuwa na haki.

Msimu wa kuokota korosho uliofuata nilikwenda Mnero saa ambazo nilijua mjomba yuko shambani, nikamkuta mama anabangua zake uani. Nikamwambia sitakanyaga tena pale maadamu kaka yake yu hai. Akinihitaji, aje Nachingwea. Mama aliweka jiwe chini.

"Usiseme hivyo. Sikumwambia."

Nilidhani sijasikia vizuri.

"Sikumwambia, mwanangu. Ile ee ya kwenye simu ilikuwa ya kukuondoa tu. Nilipanga nimwambie njiani. Tukapanda kile kilima cha kwanza, gari linapanda kama halina watu, kaka yangu akaanza kuimba. Hajaimba tangu mke wake afe. Akampiga shangazi yako utani. Akasema, 'Huyu mtoto ni fundi. Huyu mtoto ni fundi kweli.' Tukafika juu, akashika ufunguo. Nikasema moyoni, mwache, nitamwambia kilima cha mbele. Nitamkatishaje kaka yangu wimbo kumfundisha gari, mbele ya shangazi, mimi ambaye hata baiskeli sijui? Akazima. Tukashuka kimya, upepo tu, na yeye anaimba. Na kilima cha mbele hivyohivyo."

"Lakini yeye alisema aliambiwa."

"Ndiyo. Aliniangalia akajua, akalibeba yeye."

Nilikaa chini kwenye maganda ya korosho. Nilitaka kumkasirikia mama na sikuweza hata hilo, kwa sababu nilikuwa namwona ndani ya lile gari, pembeni ya kaka yake anayeimba. Nilimwambia ninakwenda shambani sasa hivi kumshika mjomba miguu.

"Utamwambia nini?" mama akauliza. "Kwamba umejua? Atajua nimesema. Alinisitiri mbele ya watu wote, kwa wakwe. Ukienda kumwomba radhi kwa hilo utakuwa umenifunua mbele yake. Mimi naishi hapa. Nitamtazama na macho gani?"

Nilibishana naye mpaka jua likashuka kwenye mikorosho. Hakuna pahali pa kupitia. Neno la radhi lisingeweza kufika kwa mjomba bila kumpitia mama, na likipita kwake linamwacha uchi. Kwa hiyo mimi ni mtoto aliyemtukana mjomba wake, na nitaendelea kuwa huyo, na yeye ataendelea kuwa mzee aliyeambiwa akakaidi, na sote wawili tunamlinda mwanamke mmoja bila kuruhusiwa kuambizana.

Nilipokuwa nawasha pikipiki niliona trekta dogo la jirani linamshusha mjomba barabarani. Alikuwa amebeba ndoo ya korosho, anatembea polepole kuliko nilivyomkumbuka. Aliniona. Alisimama, nadhani alisubiri kidogo.

Nilimpa mama shikamoo amfikishie, nikaondoka kwa njia ya nyuma.