Sauti ya Maman Colette

Eulalie wa Bagira hutengeneza kompyuta, na ukitaka kumuudhi mwambie kwamba mama yake alikuwa mwimbaji hodari. "Najua, watu wote wananiambia," atakujibu, kisha atakupa mgongo. Yeye mwenyewe hakumbuki hata wimbo mmoja. Maman Colette alifariki Eulalie akiwa na miaka sita.

Kilichobaki ni diski. Mmisionari mmoja aliirekodi kwaya ya parokia kwa kompyuta yake ya Mac, waimbaji wanane, kila mmoja na maikrofoni yake, kisha akamwachia diski Papa Déogratias, baba yake Eulalie. Ilikaa kabatini zaidi ya miaka ishirini, imefungwa kwenye kitenge.

Eulalie alipoipata alinakili faili zote kwenye flashi siku hiyo hiyo, na haraka haraka haina baraka: alipata kelele tupu. Mac ya zamani iliigawa faili sehemu mbili, sauti huku, maelezo ya kuisoma kule. Ukinakili ovyo, maelezo yanabaki nyuma. Programu pekee iliyoweza kuzisoma ilikuwa ya Windows, na kompyuta yake inatumia Linux. Ipo programu nyingine, tabaka la kati, inayoidanganya programu ya Windows ijione iko kwao, lakini tabaka hilo halikuijua diski ya Mac. Programu ikiuliza, "Diski hii ni ya aina gani?" tabaka linajibu halijui, na kazi inaishia hapo.

Basi akaamua kulifundisha. Miezi kumi na minne! Sisi majirani tulimcheka: wenzake wanaolewa, yeye anabembeleza diski. Halafu siku moja nikamwona mlangoni mwa kanisa, kwaya ikifanya mazoezi, anasikiliza sauti za wanawake moja moja kama mtu anayemtafuta ndugu sokoni. Sikucheka tena. Alikuwa na hamu ya mama yake, hakuna neno jingine.

Jumamosi moja mchana tabaka likajibu sawasawa. Faili nane zikatokea, kila moja na jina. Ya tano: Colette. Akamwita baba yake, nami nikajisogeza.

Faili ya kwanza ilitoa wimbo safi. Akafungua ya mama yake. Pumzi tu. Akaongeza sauti, akarudia mwanzo.

"Papa, nimeharibu. Nimepoteza sauti yake."

Papa Déogratias alikuwa ameshika kichwa. "Haukuharibu kitu, mama. Ile mwezi tulikuwa na kilio ya kifo ya Gaston, kaka yako. Mu kwaya yao, mwenye kilio anasimama na wengine, lakini haimbi mupaka kilio iishe. Na mimi nilisahau. Unisamehe."

Wimbo ulikuwa wa dakika nne, Eulalie akazisikiliza zote: mtu anavuta hewa pamoja na wenzake kila ubeti unapoanza, kisha anaiachia bila neno. Kwaya ilipomaliza, mtoto akalia karibu na maikrofoni. Sauti ya mwanamke, ndogo, yenye mafua, ikamwita:

"Eulalie, nyamaza. Kuya kwangu."

Na Eulalie, mwanamke wa miaka ishirini na saba, akaitika.